"Get" na jirani zake

Fungua kamusi yoyote nene ya Kiingereza kwenye herufi G, utafute "get". Utakuta safu baada ya safu: kupata, kufika, kuelewa, kuleta, kukamata, kuugua, kuwa, kumfanya mtu atende jambo. Mwanafunzi mwenye bidii huanza kuzikariri moja moja, na akifika ya kumi na tano, ya kwanza imeshamtoka. Kukariri huko hakumfikishi mbali, kwa sababu nyingi ya hizo si maana za neno. Ni maana za sentensi nzima, ambamo "get" imebeba sehemu ndogo tu.

Sehemu yenyewe ni hii: hali fulani haikuwapo, sasa ipo. Mtu hakuwa na barua, sasa anayo. Hakuwa na hasira, sasa anazo. Hakuwa Dodoma, sasa yuko Dodoma. "Get" ni kivuko. Ng'ambo unakofikia huelezwa na neno linalofuata. Kwa hiyo ukikwama usijiulize "get maana yake nini?" Jiulize "get imefuatwa na nini?"

Sisi wenyewe tunalo neno la tabia hiyohiyo. Kupata kazi, kupata ajali, kupata mimba, kupata nafuu, yapata saa tatu, kisu hakipati, amepata kuishi Tanga, simu yake haipatikani, wale ndugu hawapatani. Mgeni anayejifunza Kiswahili huona msitu. Mwenyeji haoni utata wowote, maana sikio lake limekwisha kusikia kilichofuata. Akili hiyohiyo ndiyo ya kuipeleka kwenye "get".

Ikifuatwa na nomino

Hapa "pata" yatosha kuwa tafsiri: "I got a letter", "he got a job", "she got malaria". Kiingereza hakijali kama kitu umepewa, umenunua, umeokota au umekwenda kukichukua. Ndiyo maana "Where did you get that shirt?" ni swali la adabu kuliko kuuliza "where did you buy it?" Huenda shati ni la kupewa.

Ikifuatwa na mtu kisha kitu, fikiria kauli ya kutendea. "Get me some water" ni "niletee maji". "I'll get you a chair" ni "nitakuletea kiti". Ndani yake mna safari nzima: nenda, chukua, rudi nacho. Sentensi ya "get for me water" husikika sana huku kwetu, na ni kosa. Mtu akitangulia, "for" haina kazi. Ukiitaka "for", mtu aende mwisho: "get some water for me".

Kisha kuna "I'll get it", sentensi fupi inayowatatiza hata waliosoma. Simu ikilia, ina maana "nitapokea mimi". Hodi ikipigwa mlangoni, "nitafungua mimi". Karatasi ya hesabu ikiletwa mezani hotelini, ambapo wengi husema "I'll get this", maana yake "nalipa mimi", na hapo usibishane sana. Katika zote tatu kuna jambo linalosubiri mtu wa kulishughulikia, na msemaji amejitolea.

Kuelewa nako kumo humu: "I get it", "I don't get the joke". Kenya husema "umenipata?", nayo ikazaa "are you getting me?" katika Kiingereza chetu. Nairobi na Kampala inaeleweka bila shida. London itasikika kama kosa, kwa kuwa "get" ya kuelewa haipendi kuvaa "-ing". Sema "do you get what I mean?"

Mtego mmoja wa kuangalia: "get" na nomino haileti kamwe maana ya "kuwa". "He got a teacher" ni "alipata mwalimu", labda wa kumfundisha hesabu jioni. Aliyesomea ualimu akahitimu "became a teacher". Na ukisikia Mwingereza akisema "you get a lot of mosquitoes here", hakuna anayegawiwa mbu. Anasema tu kwamba huku mbu ni wengi.

Ikifuatwa na kivumishi

"Get tired", "get old", "get angry", "get dark". Kiswahili hakihitaji maneno mawili; kina kuchoka, kuzeeka, kukasirika, kuingia giza. Shida inatokana na kiambishi chetu cha "-me-". "Nimechoka" inaeleza hali niliyo nayo sasa, lakini mwanafunzi aliyefundishwa kwamba "-me-" ni "have" huandika "I have tired". Panga hivi: "naanza kuchoka" ni "I'm getting tired", "nilichoka" ni "I got tired", "nimechoka" ni "I'm tired". Vivyo hivyo kwa njaa, hasira, baridi na usingizi.

Si kila kugeuka kunakubali "get". Umri, hali ya hewa, hisia na afya vinaikubali: old, cold, hungry, better, worse. Kuharibika na kasoro zisizorudi nyuma huchukua "go": mtu "goes blind", "goes deaf", "goes bald", na maziwa "go bad". Rangi huchukua "turn" au "go", kama uso unaoiva kwa aibu: "his face turned red". Kanuni ya kueleza kwa nini "blind" ikae huku na "sick" ikae kule ni dhaifu. Bora kuyazoea maneno hayo yakiwa mawili mawili, kama unavyojua kwamba mtu hupigwa na butwaa.

Ikifuatwa na umbo la tatu la kitenzi

Umbo la tatu ni lile la "broken", "stolen", "paid", "arrested". Likikaa baada ya "get", tunapata aina ya kauli ya kutendwa, na hapa ndipo wasemaji wa Kiswahili huanguka zaidi.

Anza na tofauti kati ya "was" na "got". "The window was broken" ina tafsiri mbili. Yaweza kuwa hali, yaani ulipofika dirisha lilikuwa limevunjika. Au tukio, yaani mtu alilivunja. "The window got broken" ni tukio peke yake. Kiswahili hutenganisha mambo haya kwa viambishi, kuvunjika upande mmoja na kuvunjwa upande mwingine. Kiingereza kina "get" ya kumwonyesha msikilizaji kwamba jambo lilitokea wakati fulani.

Pia "get" huchukua hisia. Hupenda mambo ya bahati, nzuri au mbaya: "got fired", "got arrested", "got promoted", "got paid". Haipendi shughuli za kiserikali. Daraja likizinduliwa na Rais, gazeti litaandika "was opened". Na vitenzi vya kichwani, kama kuamini na kujua, haviingii kabisa: ni "it is believed", wala hakuna "it gets believed".

Sasa ndoa. Kwetu mwanamume huoa na mwanamke huolewa, kwa hiyo mwanafunzi hutafsiri "Asha aliolewa na Juma" kuwa "Asha was married by Juma". Masikini Juma amegeuzwa kadhi. Katika Kiingereza anayefuata baada ya "married by" ni yule aliyefungisha ndoa: sheikhe, padri, mchungaji au msajili. Sahihi ni "Asha married Juma" au "Asha got married to Juma", na Juma naye "got married to Asha". Lugha hiyo haitofautishi anayeoa na anayeolewa. Kihusishi ni "to". Anayesema "married with" amepotea njia, maana "married with two children" ni mtu mwenye ndoa na watoto wawili.

Tena "got married" ni nukta, si mstari. Huwezi kuipa muda wa kudumu. "I got married for ten years" humfanya msikilizaji ajiulize kama ulikuwa mkataba wa miaka kumi. Kama unataja siku ya harusi, sema "I got married ten years ago". Kama unataja urefu wa ndoa, "I've been married for ten years".

Wizi nao una kisa chake. "I was stolen" husikika kila siku kwenye vituo vya mabasi. Kiswahili chenyewe kinatoa jibu: kuna "niliibwa" na kuna "niliibiwa". Mzungu anayesikia "I was stolen" anasikia "niliibwa", yaani wewe mzimamzima ulibebwa ukapelekwa. Ulichotaka ni "niliibiwa simu", na njia zake ni "my phone got stolen" au "I had my phone stolen". Kama ulitishiwa au kuvamiwa, "I got robbed". Anayeibwa katika "steal" ni kitu. Anayeporwa katika "rob" ni mtu, au benki.

Kitu kikiingia katikati

"I got my hair cut." Tazama mpangilio: get, kisha kitu, kisha umbo la tatu. Maana yake ni kwamba kazi ilifanywa na mwingine kwa agizo lako. Kiswahili hufanya hivi kwa kunyambua: kushona, kushonesha, kujenga, kujengesha. "Nilishonesha gauni" ni "I got a dress made". Ukisema "I cut my hair", umeshika mkasi mwenyewe mbele ya kioo. Ukisema "I repaired my car", jirani mgeni atakuja kesho na gari lake bovu akidhani amepata fundi. "I got my car repaired" inampeleka kwa fundi halisi. Na kitu kisihame pale katikati: "I got repaired my car" haipo.

Kama kinachoingia katikati ni mtu, kitenzi kinachofuata huja na "to": "I got him to sign the form". Maana yake si kuamuru. Kulikuwa na ugumu, ukambembeleza au ukamshawishi, hatimaye akasaini. Jirani zake wawili hawataki "to": "I made him sign", kwa kumlazimisha, na "I let him sign", kwa kumruhusu. Kosa la "he made me to wait" limeenea mno, hata kwenye barua za maofisini. Ukiona tabu kukumbuka, shika hili: kati ya make, let na get, ni "get" peke yake inayodai "to" yake.

Mtu asipokuwapo, "get to" na kitenzi ni ile "pata" yetu ya kupata nafasi. "I got to see a lion" ni "nilipata kumwona simba", neno kwa neno. Lakini "I've got to see a doctor" ni "sina budi nimwone daktari". Tofauti ni "have" iliyofupishwa kuwa "'ve", sauti ndogo inayomezwa kwenye mazungumzo ya haraka. Ukiikosa, tazama mambo yenyewe: hakuna anayefurahia kupata nafasi ya kulipa kodi.

Mahali na vyombo

Kwa safari, "get" hudai "to": "we got to Mwanza at six". Home, here na there hazitaki: "get home", "get there". Kutoka hapo watu huvuka na "to" hadi kwenye "reach", wakasema "we reached to Mwanza". "Reach" haina "to". Tena haipendi kukaa bila kutaja mahali, kwa hiyo "Have you reached?", ambayo ni "umefika?" iliyovaa kofia, humwacha Mwingereza akisubiri sentensi iishe. Mwulize "Did you get home all right?"

Kiswahili hupanda kila chombo na kushuka kila chombo. Kiingereza huuliza kama ndani unaweza kusimama na kutembea. Basi, treni, meli na ndege: "get on", na kushuka "get off". Gari dogo na teksi, ambamo unajikunja na kuketi: "get in", na kutoka "get out of". Baiskeli, pikipiki na farasi ni "on" na "off", kwa kuwa unakaa juu yake. Daladala na matatu huhesabiwa kama basi, hata ile ambayo kichwa kinagonga paa.

Vijineno vya nyuma

Orodha ya "get" na vihusishi ni ndefu, na nyingi hazina madhara ukikosea. Moja ina madhara. "I'll get back to you" ni "nitakujibu baadaye", sentensi ya kawaida kwenye barua pepe. "I'll get back at you" ni "nitakulipizia kisasi". Herufi chache tu, na mteja ameingiwa na hofu. (Waajiri wakisema ile ya kwanza baada ya usaili, maana yake mara nyingi ni kwamba uendelee kutafuta.)

"Get used to" ni kuzoea, na kinachofuata ni nomino au kitenzi chenye "-ing": "I got used to waking up early". Hiyo "to" ni kihusishi, kama katika "I got used to the cold". Usiichanganye na "I used to wake up early", ambayo ni "zamani nilikuwa nikiamka mapema", bila "get" na bila "-ing".

"Get over" ni kupona au kupoza machungu. "Get through" ni kumpata mtu kwenye simu, au kuvuka kipindi kigumu. "Get by" ni kusukuma maisha. "Get away with" ni kutenda kosa ukaponyoka adhabu. "Get along with" ni kupatana, na hapo mizizi ya lugha mbili imekutana tena bila kuambizana.

Got, gotten, have got

"I've got a car" imejengwa kwa umbo la wakati uliopita, lakini maana yake ni ya sasa hivi: ninalo gari. Kwa hiyo haitumiki kusema la jana. Jana "I had a car", wala si "I had got a car". Swali lake ni "Have you got a pen?" na jibu "Yes, I have". Ukiuliza "Do you have", jibu "Yes, I do". Kuchanganya nusu ya hili na nusu ya lile ndiko kunakozaa "Do you have got?"

Wamarekani wanayo maumbo mawili, nao hawayachanganyi. "I've got a car" kwao ni kumiliki. "I've gotten a car" ni kupata, tukio la karibuni. Vilevile "it has gotten cold". Waingereza hutumia "got" kwa yote. Shule za Afrika Mashariki hufuata Kiingereza cha Uingereza, kwa hiyo kwenye mtihani andika "got". Lakini anayekwambia kwamba "gotten" ni uharibifu wa Wamarekani hajasoma Biblia ya Kiingereza ya 1611. Mwanzo 4:1, Hawa anapomzaa Kaini, husema "I have gotten a man from the LORD". Umbo hilo lilizeeka na kufifia Uingereza, likaendelea kuishi ng'ambo ya bahari. Hata huko Uingereza limejificha katika "forgotten" na katika "ill-gotten gains", yaani mali ya haramu.

Neno lenyewe si la Waingereza kwa asili. Waviking kutoka Skandinavia, waliovamia na kulowea kaskazini na mashariki mwa Uingereza tangu karne ya 9, walikuja na kitenzi "geta", kupata. Kiingereza cha kale kilikuwa na ndugu yake, ila kilimtumia akiwa ameunganishwa na viambishi, kama "forgietan", kusahau, yaani kupoteza ulichokuwa umekipata. Ushahidi umo kwenye sauti. Mbele ya "e", "g" ya Waingereza ililainika kuwa "y". Ndiyo sababu Mjerumani husema "gelb" na Mwingereza "yellow". Laiti "get" ingekuwa ya nyumbani, leo wangesema "yet". Ile "g" ngumu ni alama ya mgeni aliyekuja akakaa.

Labda ndiyo maana walimu wa zamani waliitazama kwa jicho baya. Katika maandishi rasmi bado ni busara kuipunguza: barua ya kuomba kazi isiseme "I got a diploma" bali "I was awarded a diploma", ripoti iseme "received", "obtained", "became", "arrived". Lakini kila badala ina ng'ambo moja tu. "Obtain" haiwezi kuchoka, na "receive" haiwezi kupanda basi. Katika mazungumzo, anayekwepa "get" kila mara husikika kama hati ya mahakama inayotembea.

Limebaki la kinywani. Kiswahili kilichukua "gate" kikalifanya "geti", na matokeo yake wengi wetu hutamka "get" na "gate" sawasawa. Irabu ya "get" ni fupi, taya likishuka kidogo kuliko "e" yetu. Ya "gate" ni ndefu na huteleza kuelekea "i", karibu na "geit". Wamarekani, "get" ikifuatwa na irabu, hulainisha "t" ikawa kama "d" nyepesi: "get up" husikika "gedap", na "got to" huwa "gotta". Sentensi nzuri ya kujipimia ni "Can you get the gate?" Maneno hayo mawili yakikutoka sawa, rudia. Na ukiambiwa wewe, ujue hakuna anayetaka ulete geti. Kuna mtu nje anapiga honi.